Watu Kumi na Wawili, Siku Nane

Hesabu yenyewe ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu cha darasa la tano, na mpaka leo naweza kuisoma nimefumba macho. Watu 6 wanachimba mfereji kwa siku 8. Je, watu 12 watachimba mfereji huo kwa siku ngapi?

"Siku nane!" likajibu darasa zima.

Hakuna aliyekuna kichwa, wala aliyehesabia vidole chini ya dawati. Watoto arobaini na watatu walisema siku nane kwa sauti ile ile ambayo mtu hutaja jina la kijiji chake akiulizwa na mgeni.

"Sikilizeni," nikasema. "Sita walitumia siku nane. Sasa hawa ni kumi na wawili. Wameongezeka. Siku ngapi?"

"Siku nane, mwalimu," akasema Eliezeri, kiranja wa darasa, taratibu na kwa huruma, kama anayemweleza mgonjwa mahali alipolazwa.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, nami nilikuwa mwalimu wa UPE. Kwa wasiokumbuka: serikali iliamua kila mtoto aingie darasani, ikatazama walimu iliokuwa nao, ikaona hawatoshi hata kidogo, ikatukusanya sisi tuliomaliza la saba na tuliokuwa tunajua kusoma bila kufuatisha kwa kidole. Asubuhi unafundisha, mchana unafundishwa, miaka mitatu. Mwishoni anakuja mtu na fomu, anakaa nyuma ya darasa lako kipindi kimoja. Ukifaulu unapata cheti na Daraja la Tatu C, unakuwa mwalimu kama walimu wengine. Ukishindwa, ahsante ndugu, rudi ulikotoka.

Nilikotoka ni mkonge. Nilikata mkonge miaka minne huko tambarare, chini ya Same, kabla sijaitwa kwenye elimu. Huko majani thelathini ni fungu moja, na nyapara akihesabu ishirini na tisa, fungu zima si lako. Ndivyo nilivyojifunza hisabati, na mwiba wa jani la mkonge ulikuwa mwalimu msaidizi. Ninao mmoja bado uko kwenye nyama ya kidole gumba, haujataka kustaafu. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba tutakaguliwa, wenzangu walifikiria cheti. Mimi nilifikiria jani.

Na barua ilikuwa imeshafika kutoka Same: Ndugu Gregori atakaguliwa darasa la tano, somo la hisabati, mada ya kazi na siku, baada ya wiki tatu. Yaani ukurasa wa arobaini na moja.

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya Myamba, mahali ambapo ukidondosha chungwa unalifuata nusu saa. Mimi ni wa Ngujini, Ugweno, kaskazini. Kigweno changu na Chasu, yaani Kipare cha watu wale, vilisalimiana kwa mbali tu, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, wao na lafudhi yao, mimi na yangu, na watoto waliicheka yangu nikigeukia ubao.

Nikaanza kwa mwalimu mkuu. Mwalimu Nathanaeli alikuwa mzee wa misheni, mwembamba, suti moja tangu wakati wa Uhuru, miaka thelathini ya chaki kwenye mapafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wamekushinda?"

"Hawajanishinda. Wamekubaliana wote kwa pamoja juu ya kitu kisicho kweli."

"Basi hao ni halmashauri," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Waimbishe, kijana. Mimi nimewaimbisha baba zao. Kichwa cha mtoto ni debe tupu, ukitia kitu kidogo kidogo kila siku, kitajaa. Mambo ya kueleza yanakuja baadaye, na yasipokuja pia si neno."

Nilikuwa na kijitabu cha masomo ya posta, sura ya sita, Nadharia za Ujifunzaji. Nikakifungua nione kama mzee anaungwa mkono. Naam. Kulikuwa na Mrusi mmoja aliyempigia mbwa kengele kila alipompa chakula, mpaka siku moja akapiga kengele bila chakula na mate ya mbwa yakatoka vile vile. Nikafikiri, mbona sisi tumeshavuka hapo? Kengele yetu ya saa sita inapolia mate yanawatoka watoto, walimu na mpishi mwenyewe, maana ni saa ya makande. Lakini kama Mrusi na Mwalimu Nathanaeli wamekubaliana, mimi ni nani?

Tukaimba siku mbili.

"Watu wakizidi?"

"Siku zinapungua!"

"Watu mara mbili?"

"Siku nusu!"

"Sita siku nane, kumi na wawili?"

"Siku nne!"

Waliimba vizuri mno. Waliweka hadi sauti ya pili, watoto wa kwaya hao. Wanawake waliokuwa wanapita na mizigo ya majani ya ng'ombe walisimama dirishani. Siku ya tatu nikiwa nimenenepa kwa furaha, nikabadilisha kidogo tu.

"Watu watatu je?"

"Siku nne!"

"Watu ishirini na wanne?"

"Siku nne!"

"Rogathe, simama. Watu mia moja?"

Rogathe alikuwa binti wa nyuma kabisa, mpole, ambaye ukimwita jina hutazama kwanza kama kuna Rogathe mwingine. "Siku nne, mwalimu," akasema.

Nina hakika ningewauliza siku za juma wangenijibu nne.

Wiki hiyo hiyo akaja Bi Hedwiga, mratibu wa elimu wa kata, kwa miguu kama kawaida yake, viatu mkononi mpaka alipofika getini. Mama mkali, msafi, aliyesoma chuo cha ualimu na hakutaka mtu asahau. Akasikia wimbo kutoka barabarani. Alipoingia ofisini hakuketi.

"Gregori mwanangu, ule ni nini?"

"Ni hisabati, mama."

"Ile ni kasuku! Nchi nzima tunazungumza elimu ya kujitegemea, mtoto afikiri, wewe unafuga kasuku mlimani?" Mwalimu Nathanaeli alikuwa anakagua kucha zake. "Umesoma sura ya sita? Umefika kwa yule Mswisi?"

"Nimeishia kwa mbwa."

"Endelea mbele. Mtoto hapewi jibu. Mtoto agundue mwenyewe, kwa mikono yake, kwa vitu halisi. Watoe nje! Si mna shamba?"

Shamba tulikuwa nalo. Na wazo lilikuwa zuri, hilo nalikubali hadi leo. Usiku ule nilijiona mtaalamu. Kesho yake nikapima vipande viwili sawasawa kwa kamba, hatua ishirini kwa kumi, kimoja huku na kingine kule, pembeni kabisa karibu na mstari wa maharage ya mwalimu mkuu. Nikaweka watoto sita kipande cha kwanza, kumi na wawili cha pili. Waliobaki waangalie. Nikaazima saa ya mkono ya mwalimu wa darasa la saba.

"Hakuna maneno," nikawaambia. "Limeni mpaka mwisho. Kisha mtaniambia wenyewe mmegundua nini."

Nikasimama upande wa wale sita, kwa sababu nilijua hao ndio watakaochelewa na nilitaka kuwatia moyo. Wakalima. Jasho likawatoka. Dakika arobaini na mbili, jembe la mwisho likapiga. Nikageuka kuwatazama wale kumi na wawili, ambao kwa hesabu zangu walikuwa wamekaa kivulini nusu nzima ya muda.

Walikuwa bado wanalima. Kipande chao walikimaliza zamani. Eliezeri aliwapanga upya, akawasogeza mbele, na sasa walikuwa wamekwisha kuugeuza mstari wa kwanza wa maharage ya mwalimu mkuu, na wa pili, na walikuwa wanauanza wa tatu kwa mpangilio mzuri kweli kweli, migongo chini, wakienda sambamba.

"Simameni! Nani kawaambia?"

Eliezeri akajifuta uso. "Si ulisema tulime mpaka mwisho, mwalimu? Na wenzetu walikuwa hawajamaliza."

"Mwisho wa kipande! Kipande!"

"Lakini sisi tulikuwa wengi," akasema.

Bi Hedwiga alikuwa amesema niwaulize mwishoni wamegundua nini. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo, nikauliza. Esta akanyoosha mkono mpaka akakaribia kuruka. Huyu Esta alikuwa na mdomo, binti wa fundi cherehani, anayepima kila mtu kwa macho.

"Tumegundua, mwalimu! Watu sita dakika arobaini na mbili, watu kumi na wawili dakika arobaini na mbili. Muda ni ule ule!"

Wenzake wakapiga makofi. Mswisi angelia.

Habari ya maharage sitaieleza. Inatosha kusema Mwalimu Nathanaeli hakunisemesha siku nne, nne za kweli, na siku ya tano alisema neno moja: "Ungewaimbisha."

Ilikuwa imebaki wiki moja. Nikarudi sura ya sita nikiwa nimeshaanza kuichukia, nikakuta Mmarekani na njiwa wake. Njiwa akifanya ulichotaka, mpe punje. Akikosea, usimpe. Nikasema haya, na njiwa tuwajaribu. Nikanunua miwa miwili, nikaikata pingili pingili, nikaipanga mezani juu ya gazeti. Hatua ndogo ndogo, kijitabu kinasema, sifa na zawadi kila hatua.

"Watu wawili, siku nne. Watu wanne?"

"Siku nne," akasema mmoja. Hakupewa.

"Siku nane." Hakupewa.

"Siku mbili?" Akapewa pingili. Darasa zima likageuza shingo kumtazama anavyotafuna.

Dakika kumi baadaye mikono yote ilikuwa juu, kila namba duniani inatajwa, moja, sita, tisini, mtu mmoja akasema Jumanne. Esta akakata kelele zote.

"Mwalimu, utusaidie tu. Jibu lenye muwa ni lipi?"

Nikaweka kisu chini.

Hapo sasa nilifanya kitu ambacho hakimo katika sura yoyote. Niliketi juu ya meza, kando ya miwa, nikawaambia ukweli. Niliwaambia kwamba ndugu mmoja anakuja Jumatano kutoka Same na fomu. Kwamba atauliza hesabu hii hii, na mkisema siku nane mimi nitarudishwa chini kukata mkonge, na mkonge hamuujui, mnauona kwa mbali tu kama nywele zilizochanwa vizuri. Niliwaonyesha kidole gumba. Niliwaambia sijui niwafundisheje tena, nimeimba, nimelimisha, nimenunua miwa, na nyinyi wanangu mna vichwa kama mwamba wa mlima Shengena. Sauti ilikuwa imenipanda na nusu ya maneno hayo sikupaswa kuwaambia watoto.

Wakatazamana. Kisha Eliezeri akasimama, mikono nyuma, kiranja kamili.

"Mwalimu, usihofu. Akija tutasema nne."

"Kweli nne," wakasema wengine. "Tutasema tu, mwalimu. Pole sana."

Na mimi, mtu mzima, mlezi wa taifa, nikasema ahsanteni. Tukapanga. Ishirini na wanne, mbili. Watatu, kumi na sita. Wakayakariri yote kwa ajili yangu. Tukala miwa.

Jumatano saa tatu Ndugu Iddi alifika, ameshushwa na lori la ushirika huko chini na kupanda mlima kwa miguu. Mtu mfupi, mpole, mwenye daftari la jalada la ngozi na kalamu mbili. Nilitarajia simba. Alimwamkia Mwalimu Nathanaeli vizuri, akaomba maji, akayanywa yote, akamshukuru mpishi. Kisha akaenda kukaa nyuma karibu na Rogathe, na Bi Hedwiga akakaa upande wa pili kama anayesindikiza bibi harusi.

Nikafundisha kama nilivyoandika katika andalio la somo. Utangulizi dakika tano. Nikasoma hesabu. Nikauliza.

"Siku nne!" Kama mtu mmoja.

"Ishirini na wanne?"

"Mbili!"

"Watatu?"

"Kumi na sita!"

Kalamu ya Ndugu Iddi ilikuwa inakwenda vizuri, naisikia kutoka ubaoni. Bi Hedwiga aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikaanza kuiona karatasi ya cheti, na mhuri wake. Kisha Ndugu Iddi akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, naomba niulize swali moja tu."

Ningekataaje?

Akamwonyesha Esta. Katika watoto arobaini na watatu, akamwonyesha Esta. "Binti, umejibu vizuri. Watu kumi na wawili, siku nne. Kwa nini siku nne?"

Esta akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. Hili la kwa nini hatukulipanga.

"Kwa sababu tusiposema nne," akasema, "mwalimu atarudishwa kukata mkonge."

Nimewahi kuangukiwa na toroli la mkonge. Lilikuwa jepesi kuliko hapo.

Ndugu Iddi hakucheka. Akasema, "Sawa. Na wewe mwenyewe, bila mkonge, unaona siku ngapi?"

"Siku nane."

"Nani mwingine anaona siku nane?" Mikono arobaini na mitatu. Hata Rogathe, aliyekaa ubavuni mwake, aliinua.

Akanigeukia. "Endelea, mwalimu. Una dakika kumi na mbili."

Andalio langu lilisema dakika hizo ni za marudio na hitimisho. Sikuwa na cha kurudia wala cha kuhitimisha. Chaki ilikuwa imekatika mkononi. Nilikuwa na hasira, nitasema kweli, hasira juu ya Esta, juu ya kitabu, juu ya Warusi na mbwa wao, na ni hasira hiyo iliyouliza, si mimi.

"Haya! Kwa nini nane? Kwa nini, kwa nini, kwa nini? Niambieni, maana mimi nimechoka!"

Esta akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini mwalimu, si kitabu kimeshatangaza?"

"Kimetangaza nini?"

"Siku. Msaragambo ukitangazwa siku nane ni nane. Siku hazipunguzwi. Hujui ni wangapi watakuja, unatangaza siku kwanza. Wakija wachache, wanasafisha mfereji kutoka ndiva mpaka kwa mzee Hezroni. Wakija wengi, wanausogeza mbele, mpaka kanisani, mpaka hata kwa akina Eliezeri. Sasa mkiwa wengi, wewe uende nyumbani siku ya nne, na maji hayajafika kwa mwenzako?"

"Utaonekana mtu gani?" akaongeza Eliezeri.

Msaragambo niliujua, nani asiyejua kazi ya pamoja ya kijiji? Na lile bwawa lao la kukingia maji, ndiva, nililipita kila Jumapili. Lakini nilipoalikwa kwenda kusafisha mfereji nilituma udhuru kila mara, nasahihisha madaftari. Kumbe wale kumi na wawili shambani hawakukosea hata jembe moja. Na kwaya yangu, na miwa yangu. Wiki tatu, nadharia tatu, na mimi katikati sijauliza.

Nikafuta ubao kwa kiganja.

"Sawa. Siku nane, hatuzigusi. Watu sita wamesafisha hatua arobaini. Watu kumi na wawili?"

"Themanini!" Hata hawakuniacha nimalize.

"Watu tisa?"

Rogathe akajibu kutoka nyuma: "Sitini."

Sitini! Hesabu ambayo sikuwa nimeifundisha.

"Sasa mfereji umefika korongoni. Hauna pa kwenda tena. Hatua arobaini, basi, mwamba. Watu ni kumi na wawili. Itakuwaje?"

"Tusafishe wa kijiji cha pili," akasema Eliezeri.

"Wamekataa."

"Wamekataa kwa nini?"

"Mmegombana!"

"Tumegombania nini, mwalimu?"

"Eliezeri, keti!" Darasa likacheka, na nyuma kule nikaona Ndugu Iddi amefunika mdomo kwa daftari lake. "Mfereji umekwisha. Watu ni mara mbili. Wanafanya nini?"

Nilitaka kusema nne, neno lilikuwa limesimama kwenye meno. Nikaling'ata.

"Basi watakwenda nyumbani mapema," akasema Rogathe. "Siku ya nne."

"Kwa nini?"

"Kila mmoja anakuta mwenzake ameshafanya nusu yake."

Aaa, wakasema watoto, sauti moja ndefu inayoshuka, na hii sikuwa nimeiimbisha. Nikauliza watu ishirini na wanne, wakasema mbili, na wakabishana kwanza. Nikauliza watatu. Esta akahesabu kwa midomo. "Kumi na sita," akasema. "Lakini hao watatu nao! Wenzao wako wapi?"

Kengele ikalia.

Ofisini tulikaa wanne. Ndugu Iddi aliijaza fomu yake bila haraka, akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Mtu mwaminifu, nilimwonea huruma na mimi mwenyewe nikajionea zaidi.

"Zile dakika za mwisho," akasema, "zilikuwa somo zuri. Sijaona zuri kama lile tangu Januari."

"Ahsante, Ndugu."

"Lakini hazimo katika andalio. Fomu inauliza: mwalimu alifuata andalio? Hakufuata. Madhumuni yaliyoandikwa yalifikiwa kwa hatua zilizoandikwa? Hapana. Zile dakika ishirini na nane za kwanza zilifuata andalio vizuri sana, ila watoto walikuwa wanakufanyia hisani. Nazipa nini?" Akaigeuza fomu ili nione. "Na hizi kumi na mbili nimetafuta pa kuziandika, ndugu yangu. Hakuna mstari wake. Jumla arobaini na sita. Ya kufaulu ni hamsini."

"Nikuandikie andalio lingine sasa hivi? Linalofanana na nilichofundisha?"

"Litakuwa la leo saa tano. Somo lilikuwa saa tatu."

"Nitaweka tarehe ya jana."

Akanitazama tu, kwa upole, mpaka nikaona haya.

"Ungewaimbisha vizuri zaidi," akasema Mwalimu Nathanaeli. "Yule binti asingepata nafasi."

"Nilisema agundue mwenyewe!" akasema Bi Hedwiga. "Si amegundua? Mwishoni pale ni nini kama si ugunduzi?"

"Sifa na pongezi pia nimeziona," akasema Ndugu Iddi, aliyetaka kuwa mwema kwa kila mtu. Nadharia zote zilikuwa zimeshinda. Aliyeshindwa nilikuwa mimi peke yangu.

"Kwa hiyo narudi mkonge," nikasema.

"La, hasha. Utarudia mwezi wa kumi. Mara moja tu, lakini. Ukikosa hiyo, basi."

"Utakuja wewe?"

"Atakuja mwingine, aliyesomea chuo kingine."

"Na yeye anapenda nadharia ipi?"

"Hilo," akasema Ndugu Iddi akifunga kalamu, "sijui kabisa."

Nikatia sahihi. Akanipa mkono, akashuka mlima kuwahi lori. Dirishani watoto walikuwa wamejazana, Esta mbele, macho mekundu, anajua kuna kitu alikivunja na hajui ni kipi. Nikatoka, nikawaambia Esta amejibu vizuri, wote wamejibu vizuri. "Tumefaulu?" akauliza Eliezeri. Nikasema nyinyi mmefaulu. Hakuuliza zaidi, kiranja yule, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa yote.

Mchana ule ule, hasira bado ya moto, nikachukua karatasi mpya ya andalio nianze la mwezi wa kumi. Nikachora safu zake kwa rula. Safu ya kwanza, muda. Safu ya pili, kazi ya mwalimu. Hapo nikaandika bila kusita: Atawauliza wanafunzi kwa nini. Safu ya tatu inaitwa Majibu yanayotarajiwa ya wanafunzi, na ni lazima ijazwe, mkaguzi huanza na hiyo.

Nikaweka kalamu hapo. Nikaiondoa. Nikaiweka tena. Nje watoto walikuwa wanateremka na majembe kwenda shambani, wanabishana juu ya jambo fulani kwa Chasu, haraka haraka, na sikushika hata neno moja.